Askari wa Kentucky katika ukoo wenu: namna ya kumtafuta na kumwekea jiwe

Mama mkwe wangu alikuwa na sentensi moja tu kumhusu baba wa bibi yake, askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: "Alikwenda Camp Nelson mtumwa, akarudi mtu huru." Aliipokea kwa bibi yake huyo, binti wa askari mwenyewe, wakichambua maharage barazani. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Jina la ukoo lilikuwa na mashaka, rejimenti haijulikani, kaburi halijulikani. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeoa Lexington, Kentucky, na watoto wangu ni vining'ina vya askari huyo, kwa hiyo nikaona kazi ya kumtafuta ni yangu. Ilinichukua miaka miwili na kitu, na miezi minane ya mwanzo niliambulia patupu kwa sababu nilitafuta vibaya.

Nilikuwa namtafuta yeye. Mtumwa wa Kentucky aliyevaa sare mwaka 1864 hakuwa na karatasi zake mwenyewe. Karatasi zinazomtaja ziliandikwa kwa sababu ya watu wengine: mjane aliyedai pensheni, bwana aliyedai fidia, mwenzake wa kombania aliyekula kiapo kwamba anamfahamu. Watafute hao, naye utamkuta katikati yao. Hatua zote nitakazoeleza zinategemea jambo hilo.

Naandika hasa kwa Waswahili tulioko huku Kentucky, tuliooa au kuolewa katika koo za Wamarekani Weusi, ambao watoto wetu wanatuuliza habari za upande ule mwingine. Lakini aliye jimbo lolote anaweza kuifuata njia hii, akibadilisha majina ya kaunti na rejimenti.

Kabla ya yote, ijue Kentucky

Ukiruka sehemu hii utapotea baadaye. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa yakipigana na serikali ya Muungano. Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa ambalo halikujitenga. Kwanza ilijitangaza kwamba haiko upande wowote, na hilo halikudumu hata miezi sita. Marais wote wawili wa vita hivyo, Abraham Lincoln wa Muungano na Jefferson Davis wa Kusini, walizaliwa Kentucky. Vijana wa jimbo hili walikwenda pande zote mbili, mara nyingine kutoka nyumba moja. Kwa hiyo usidhani unajua babu alipigana upande gani mpaka umeona karatasi.

Kwa watu weusi habari ilikuwa nyingine kabisa. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liliwaacha huru watumwa wa maeneo yaliyoasi tu, na Kentucky haikuwa imeasi. Mtumwa wa hapa alibaki mtumwa. Mlango uliofunguka ni jeshi: kuanzia 1864 aliyeandikishwa alipata uhuru wake siku ileile. Wakamiminika. Mwezi Mei 1864 kundi la wanaume wapatao 250 kutoka kaunti ya Boyle lilitembea mpaka Camp Nelson, kambi kubwa ya jeshi katika kaunti ya Jessamine kusini mwa Lexington, na walipopita mji wa Danville walirushiwa mawe na risasi. Zaidi ya watu weusi 10,000 waliandikishwa katika kambi hiyo. Jimbo zima lilitoa zaidi ya 23,000 katika vikosi vilivyoitwa United States Colored Troops, kwa kifupi USCT. Ni Louisiana peke yake iliyotoa wengi zaidi.

Wake zao na watoto waliowafuata kambini hawakuwa na uhuru wowote. Mwishoni mwa Novemba 1864, kwenye baridi kali, jeshi liliwafukuza wanawake na watoto wapatao 400 na kuvunja vibanda vyao. 102 kati yao walikufa. Askari mmoja, Joseph Miller wa rejimenti ya 124, alitoa kiapo siku chache baada ya hapo. Alieleza jinsi mwanawe mgonjwa alivyotolewa nje kwenye upepo huo, jinsi alivyowafuata usiku kwa miguu, akamkuta mtoto amekwisha kufa, na kesho yake akarudi kumchimbia kaburi kwa mikono yake. Hakujua kuandika, alitia alama. Yeye mwenyewe alikufa Januari 1865. Kiapo chake kilisambaa, na tarehe 3 Machi 1865 Bunge likapitisha sheria iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari.

Nimelieleza hilo kirefu makusudi. Tarehe hiyo ya Machi 1865 ndiyo siku ambayo mke wa askari wenu alipata uhuru, kwa sababu ya sare ya mumewe. Watumwa wengine wa Kentucky walisubiri mpaka Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa. Jimbo lenyewe liliridhia badiliko hilo mwaka 1976.

Hatua ya kwanza: wazee, wakiwa hai

Usianze na kompyuta. Anza na shangazi mkubwa aliye kitandani, maana karatasi zitakungoja, yeye hatakungoja. Weka simu irekodi, kwa ruhusa yake, kisha usimuulize habari za vita. Hakuziona. Muulize vitu alivyoviona: bibi yako alikuwa anasali kanisa gani? Mlikuwa mnakaa barabara gani, shamba la nani? Jirani yenu wa kulia alikuwa nani? Nani alizikwa wapi? Mama mkwe alipoulizwa habari za askari alirudia ile sentensi yake moja. Alipoulizwa habari za kanisa alizungumza saa nzima, na humo ndani akataja kwamba bibi yake alikuwa na ndugu wawili wenye jina jingine la ukoo. Sikulijali siku hiyo. Ndilo lililokuwa ufunguo.

Omba uone ratiba za mazishi. Koo nyingi za Wamarekani Weusi huzitunza ndani ya Biblia au kwenye bahasha, na ukurasa wa wasifu wa marehemu hutaja wazazi, mahali alipozaliwa, kanisa na ndugu. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, na nyuma ya kila picha pia.

Andika majina kama yanavyotamkwa, kisha andika namna zote yanavyoweza kuandikwa. Karani wa 1864 aliandika alichosikia.

Hatua ya pili: shuka na sensa, kizazi kimoja kimoja

Sensa ya Marekani hufanywa kila miaka kumi na hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, kwa hiyo ya karibuni unayoweza kusoma ni ya 1950. Tovuti ya FamilySearch ni bure. Anza na mtu unayemjua kwa hakika mwaka 1950, mtafute 1940, kisha 1930, ukishuka. Usiruke hata mmoja. Anayeruka kutoka 1950 hadi 1870 kwa sababu ameona jina linalofanana atajikuta ameokota babu wa watu.

Sensa kadhaa zina alama za kukusaidia. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mama aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ya 1910 ina safu inayomhusu aliyepigana vita: UA ni jeshi la Muungano, CA ni jeshi la Kusini. Ukiiona UA pembeni ya mzee wa miaka 65, umempata mtu wako, au jirani yake.

Ya 1890 usiitafute, karibu yote iliharibika kwa moto wa mwaka 1921 mjini Washington. Lakini mwaka huohuo wa 1890 iliandikwa orodha ya pembeni ya askari wa Muungano na wajane wao, na katika kupotea kwa karatasi hizo kwa mpangilio wa alfabeti, mpasuko uliangukia katikati ya Kentucky: karibu nusu ya kaunti zetu zimepona, nusu zimepotea. Angalia kama yenu imepona. Humo utakuta jina, cheo, kombania, rejimenti, na maradhi aliyotoka nayo vitani.

Kisha utafika 1870, na hapo utagonga ukuta. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Za 1850 na 1860 zina orodha za watumwa, lakini jina ni la bwana. Chini yake ni umri, jinsia na rangi tu. Mwanamume, 14, mweusi. Mwanamke, 30, mweusi. Unaweza kumtazama babu yako usimjue. Ukuta huo una mlango, na mlango ni faili la jeshi.

Hatua ya tatu: rejimenti

Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ina faharasa ya mtandaoni ya askari na mabaharia wa vita hivyo, bure kabisa. Andika jina, chagua USCT, utapata orodha. Shida ni wingi: majina kama George Washington na Henry Clay yalikuwa ya wengi. Chuja kwa mahali. Rejimenti zilizoundwa Camp Nelson ni pamoja na za miguu za 114, 116, 119 na 124, za farasi za 5 na 6, na ya mizinga mikubwa ya 12. Kama sensa inaonyesha ukoo ulikaa kaunti za karibu na Lexington, anza na hizo.

Usiridhike na jina kufanana. Andika wote wanaowezekana kwenye daftari, hata wakiwa kumi, kisha nenda kwenye faharasa ya pensheni, ambayo kadi zake zinamtaja askari na mjane wake. Hapo ndipo wengi watakapofutika: wewe tayari unalijua jina la mke kutoka sensa ya 1870 au 1900. Mke ndiye anayemtambulisha mume.

Nami hapa ndipo nilipokwama miezi minane. Nilikuwa namtafuta kwa jina la ukoo la mama mkwe, na mwenye jina hilo hakuwepo. Nilipolikumbuka lile jina jingine la ndugu za bibi, nikalitafuta upande wa wajane badala ya upande wa askari. Mke alikuwepo, jina lake la kwanza na kaunti yake vikilingana na sensa. Askari alikuwa kwenye rejimenti ya 116.

Hatua ya nne: faili la utumishi

Mafaili haya yapo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington. Ya USCT mengi yameskaniwa na yanapatikana Fold3, tovuti ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma huwapa wanachama wake nafasi ya kuisoma bila malipo. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Faili ni kadi, moja kwa kila miezi miwili ya kuhesabiwa: yupo, hayupo, mgonjwa hospitali. Kadi ya kwanza ndiyo ya kuisoma polepole. Ya kwetu inasema: umri 19, urefu futi 5 na inchi 6, macho meusi, nywele nyeusi, kazaliwa kaunti ya Madison, Kentucky, kazi, mkulima. Nilimsomea mama mkwe. Alinyamaza, kisha akasimama akamwita mwanangu wa kiume, akamsimamisha kwenye mwimo wa mlango tulipozoea kumpima, akatafuta futi 5 na inchi 6. Mtoto alikuwa amebakiza vidole viwili.

Zipitie kadi zote hadi mwisho. Rejimenti ya 116 ilikuwa Virginia kwenye mahandaki ya Petersburg, ikawepo Appomattox jeshi la Jenerali Lee wa Kusini liliposalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, kisha ikapelekwa Texas kwenye mpaka wa Mexico. Ilivunjwa mwanzoni mwa 1867. Kwa hiyo ukiona mtu hayupo nyumbani mwaka 1866 usidhani alikufa. Angalia pia mishahara. Askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za nguo, wakati mweupe alipata 13 na nguo juu, mpaka Bunge liliposawazisha mwezi Juni 1864.

Sasa ule mlango. Bwana aliyekuwa mtiifu kwa Muungano aliruhusiwa kudai fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyejiandikisha. Ndani ya faili linaweza kuwemo dai hilo, likiwa na jina la bwana, kaunti yake na maelezo ya namna alivyompata huyo mtu: kwa urithi, kwa kununua, au alizaliwa kwake. Hata pasipo na dai, mara nyingine jina la bwana limeandikwa kwenye karatasi ya kuandikishwa. Ukilipata, nenda makao ya kaunti ukaombe vitabu vya wosia na orodha za mali za marehemu. Huko watumwa wana majina, kwa sababu walikuwa mali ya kugawanywa.

Nikupe tahadhari moja kutoka moyoni. Orodha hiyo usiisome na watoto mara ya kwanza. Mimi nilimkuta mama wa askari wetu na watoto wake watano, kila mmoja na bei yake, mstari mmoja juu ya jozi ya maksai. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mke wangu ndiye aliyerudi ndani akanakili.

Hatua ya tano: faili la pensheni

Kama una pesa ya kuagiza kitu kimoja tu, agiza hiki. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huuza nakala za kifurushi cha kurasa chache na za faili zima, chukua zima. Kurasa chache zitakupa tarehe, na hadithi itabaki Washington.

Sababu ya utajiri wake ni hii. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, kwa hiyo mjane mweusi hakuwa na cheti. Sheria ya 1864 ilimruhusu athibitishe kwa ushahidi kwamba waliishi kama mume na mke. Akaleta mashahidi: mkunga, mchungaji, mwenzake mumewe wa kombania, pengine hata mtoto wa bwana wao wa zamani. Dai likitiliwa shaka alitumwa mkaguzi maalumu, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza maswali na kuandika majibu. Usumbufu ule uliowachosha wajane ndio unaotupa sisi leo sauti zao, kurasa kwa kurasa.

Faili letu lina kurasa 61. Mjane aliulizwa kwa nini mumewe aliandikishwa kwa jina moja na kufa kwa jingine. Akajibu kwamba jeshini alipewa jina la bwana wake, maana karani hakuuliza, na aliporudi alichukua jina la baba yake mzazi, aliyekuwa shamba jingine. Wanawe wakubwa wawili walibaki na lile la jeshi. Miezi yangu minane ilimalizika kwenye mistari minne. Mkunga aliulizwa mtoto wa tatu alizaliwa lini. Akasema hajui mwaka, ila ni majira yale theluji iliangusha paa la ghala la tumbaku. Mimi bibi yangu wa Tanga alihesabu miaka kwa njaa na mafuriko, na niliposoma maneno ya mkunga yule nilihisi niko naye kwenye mkeka mmoja.

Unaposoma, tengeneza orodha ya kila mtu aliyetajwa, hata shahidi. Tia alama waliosema "tulilelewa pamoja" au "tulikuwa kwa bwana mmoja". Hao wana mafaili yao, na ndani yake huenda askari wako ametoa ushahidi kwa niaba yao. Hapo utamsikia akizungumza mwenyewe.

Zingatia pia umri. Atakuwa na miaka 19 kwenye kadi moja, 22 kwenye nyingine, na mwaka mwingine wa kuzaliwa kwenye pensheni. Watu wengi walinyimwa kujua siku yao ya kuzaliwa. Tofauti ya miaka mitatu au minne isikufanye umtupe.

Mahali pengine pa kuchungulia

Benki ya Freedman's, benki ya walioachwa huru iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, ilikuwa na matawi Louisville na Lexington. Vitabu vyake vya wateja vilivyosalia vinaweza kutaja wazazi, ndugu, waliouzwa mbali, na rejimenti ya mteja. Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru, ilisimamia mikataba, malalamiko na malipo ya askari. Mwaka 1866 Kentucky iliruhusu waliokuwa watumwa kutangaza ndoa zao kwa karani wa kaunti, na baadhi walitaja wameishi pamoja tangu lini. Vyeti vya vifo vya jimbo vipo tangu 1911; askari wengi waliozeeka, na watoto wao, wamo.

Kama ushahidi unaonyesha mtu wenu alikuwa jeshi la Kusini, serikali kuu haikumlipa pensheni. Jimbo la Kentucky lilianza kuwalipa hao mwaka 1912, na maombi yao yapo kwenye Idara ya Maktaba na Nyaraka ya jimbo, Frankfort. Zitunze karatasi zake kama zilivyo, na mtoto akiuliza alipigania nini, mwambie ukweli.

Miti ya ukoo iliyotundikwa mtandaoni na watu wengine itumie kama fununu tu. Mmoja akikosea, hamsini wananakili.

Kaburi

Anzia makaburi ya taifa ya Camp Nelson, kisha ya kanisa lenu, kisha yale ya mashambani. Ya mashambani nenda majira ya baridi: majani yamelala, nyoka wamelala, na ukitazama ardhi jua likiwa chini utaona mabonde madogo yaliyo sawa kwa urefu. Mwenye shamba muombe ruhusa kwanza, kwa adabu, na umwambie jina unalolitafuta. Wazee wa mashamba wanajua mengi ambayo hayajaandikwa.

Ukikuta jiwe, usilisugue kwa brashi ya waya wala dawa ya kuondoa madoa, na usilipake unga wala povu la kunyolea ili herufi zionekane. Vyote vinaila marumaru. Maji safi na brashi laini vinatosha. Kwa kusoma, chukua kioo, uelekeze mwanga wa jua ulipige jiwe kwa ubavu. Herufi zitasimama.

Kama kaburi halina jiwe, Wizara ya Maveterani hutoa la marumaru bila malipo, hata kwa askari wa vita hivi. Fomu ni namba 40-1330. Kwa askari ambaye utumishi wake uliisha kabla ya tarehe 6 Aprili 1917, mtu yeyote anaweza kuomba. Si lazima uwe wa damu yake, na mkwe kama mimi anaruhusiwa. Ambatisha nakala za utumishi na uthibitisho wa mahali alipozikwa, na upate saini ya msimamizi wa makaburi. Jina utakaloandika likubaliane na kadi za jeshi. Kwetu palizuka mjadala, liandikwe la bwana au la baba yake? Mama mkwe alisema mtu alilikataa jina hilo siku aliporudi, na sisi hatutamrudishia. Tuliambatisha kiapo cha mjane kuonyesha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Liliandikwa la baba yake.

Jiwe lina urefu wa inchi 42, upana 13, unene 4, na uzito wa ratili 230 hivi, sawa na kilo 104. Litaletwa bure, lakini kulisimika ni juu yenu. Andaa wanaume wanne, kokoto za kuweka chini ili maji yasituame, na pima usawa mara mbili kabla ya kushindilia udongo.

Siku ya kumkumbuka

Jumatatu ya mwisho ya Mei, Siku ya Kumbukumbu, ndiyo siku yenyewe; ilianza baada ya vita hivi hivi, watu wakipamba makaburi ya askari. Wapeleke watoto. Kama yuko mbali, wapeleke Frankfort, makaburi ya Green Hill, penye mnara wa mwaka 1924 uliochorwa majina 142 ya askari weusi wa katikati ya Kentucky. Mkifika Washington, mtaa wa U, kuna sanamu iliyotengenezwa na Ed Hamilton wa Louisville na kuzinduliwa 1998, ikizungukwa na ukuta wa majina 209,145 yaliyopangwa kwa rejimenti. Nenda na namba ya rejimenti, si jina tu, la sivyo mtakesha.

Niliposimama kwenye ukuta ule nilimkumbuka baba wa babu yangu mimi, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari, na maandishi yake yanaahidi kwamba hata wakifa, watoto wao watakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa pale. Ndiyo maana naliona faili la kurasa 61 kama mali, na ndiyo maana nilitengeneza nakala tatu: moja ya mama mkwe, moja ya kanisa, moja ya chumba cha historia katika maktaba ya kaunti. Fanyeni hivyohivyo. Kompyuta hufa, na binamu huhama.

Kazi yetu haijaisha. Kwenye orodha ya mali ya yule bwana, chini ya jina la askari wetu, kuna mvulana aliye mdogo wake kwa miaka miwili. Jina la mvulana huyo, lenye umri unaolingana, lipo kwenye rejimenti ya 5 ya farasi. Faili lake la pensheni tumeliagiza wiki iliyopita, na mama mkwe ameshaanza kuulizia kanisani kama kuna anayewafahamu wajukuu zake.